Kola ya mama

Shosti, nimetoka wodini sasa hivi. Sina hata chozi.

Ule uso wa mama tuliokuwa tunausifia eti amenawiri? Alikuwa amevimba! Daktari anasema kuna uvimbe kifuani umebana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani. Na mimi fundi cherehani nilikuwa nampanulia kola ya gauni tu, huku namtania kwamba raha zimemzidi.

Wameingiza kijibomba cha wavu, kimeutanua mshipa. Uso umenywea, amekuwa mama yule yule.

Nikamuuliza daktari, "Kwa hiyo amepona?"

"Mshipa umefunguka. Kilichoubana bado kipo."

Bado kipo, shosti.

Mama hajaambiwa. Ameshika kola, anacheka: "Fundi, imepwaya hii. Nipunguzie."

Nimechukua vipimo.