Goti la Mama Mkwe

Ruiru,
Jumatano, 12 Machi 2025

Kwa Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi mengi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na mawingu yameanza kuonyesha nia njema huko Kithimani. Je, yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi na mke wangu Kaluki hatuumwi popote mwilini. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yako wewe huiweka spika, Mama, na nikisema neno moja boma zima linaitikia. Haya ni ya macho yako peke yako, ndiyo maana nimempa jirani yako Maluki akuletee mkononi. Vaa miwani, keti, na chai iwe karibu.

Umeshasikia kwamba mama mkwe wangu amelazwa Thika. Hukusikia yote. Jumamosi hii shemeji yangu Musembi ameitisha kikao nyumbani kwake Murera, ili ijulikane ni nani aliyemuumiza mama yake. Nitakuwa nimeketi palepale katikati ya watu. Tangu niliposikia habari ya kikao hicho chakula hakipiti, na usingizi nauona kwa wenzangu. Naogopa, Mama, na sababu ya kuogopa nitakuambia, lakini acha nianzie mwanzo, maana nikianza na mwisho nitaichana hii karatasi.

Unajua mama mkwe ana shida ya magoti miaka mingi. Gegedu zimelika, mfupa unasuguana na mfupa, na akiinuka kitini uso wote unakunjamana. Pale kliniki ninapofanya kazi ya tiba ya viungo tunayo mashine ya mwanga. Ina kichwa kidogo kama cha tochi. Unakigusisha kwenye ngozi kuzunguka goti, dakika chache kila mahali, na mwanga wenyewe kwa sehemu kubwa hauonekani kwa macho. Haurudishi gegedu, nisikudanganye, lakini wapo wagonjwa ambao maumivu yao hupungua, hasa wakifanya na mazoezi. Basi Krismasi, tukila mbuzi kwa Musembi, nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nitampandisha mama mkwe ngazi za kanisa bila fimbo. Mdomo wangu unaujua. Ulinionya nikiwa darasa la nne.

Alianza kuja Januari, mara mbili kwa wiki, Kaluki akimsindikiza. Kwa kawaida mwenzangu Bridget ndiye anayewahudumia akina mama wanaoona haya, lakini alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo nikafanya mimi. Mara kumi na mbili, wiki sita. Kila tukimaliza, mama mkwe alisema anasikia nafuu. Nami niliandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Daktari Gachanja, mkubwa wangu, alisoma faili hilo akafurahi, akasema kama mwanga umefanya kazi hivi, basi safari ya kwenda kwa mtaalamu wa mifupa Thika inaweza kungoja mpaka katikati ya mwaka. Mwisho wa Februari mama mkwe alicheza kwenye shukrani ya kanisa, akapanda ngazi zile bila fimbo, watu wakapiga vigelegele. Wazee walinishika mkono wakaniita daktari. Nilikataa kwa mdomo tu.

Jumanne ya wiki iliyopita alianguka bafuni. Alitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, na Musembi akamkimbiza hospitali Thika. Ilikuwa damu, Mama. Tumbo lilikuwa linavuja kwa ndani. Aliongezwa chupa tatu za damu. Daktari wa wodi akatuuliza sote tuliosimama pale ni dawa gani amekuwa akitumia. Musembi akajibu kwamba hatumii dawa yoyote, ameacha zote, alikuwa akipigwa mwanga tu. Binamu yao mmoja akadakia kwamba basi ni huo mwanga uliompika tumbo. Wote wakanigeukia. Kaluki akanitetea, akasema mwanga hauchomi mtu hivyo, na akanitazama ili nieleze. Mtoto wako aliyesomea kazi hii miaka mitatu alinyamaza kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni.

Wenzangu walipoondoka kwenda kutafuta chai, nilirudi mbio kwa yule daktari nikamwambia kwamba mgonjwa alikuwa akimeza vidonge vikali vya maumivu, vile vinavyokula tumbo la mtu mzima, na nikamtajia jina la vidonge hivyo. Alinishukuru, akasema nimemsaidia sana. Hakujua anamshukuru nani.

Utauliza nilijuaje. Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito.

Siku ya kwanza kabisa, Kaluki alipotoka nje, nilimwomba mama mkwe afunue goti. Alikuwa amevaa soksi ndefu na leso mbili. Akatazama ukuta. Nami nikatazama ukuta wa pili. Wewe ndiwe uliyenifundisha nthoni, kwamba mkwe na mama mkwe wakikutana njiani mmoja huacha njia, sembuse kushikana goti. Akasema kwa sauti ya chini nipige tu juu ya leso, kwani mwanga ni mwanga, hata wa jua hupenya pazia. Ningeweza kumwita muuguzi wa kike chumba cha pili. Ningeweza kumwambia tumngoje Bridget. Lakini nilikuwa nimejisifu mbele ya ukoo, na nilitaka kuanza. Nikaiweka mashine juu ya leso iliyokunjwa mara mbili, nikijua vizuri kwamba hakuna kinachofika kwenye goti. Kisha nikaandika kwenye faili kwamba ngozi ilikuwa wazi. Niliandika hivyo mara kumi na mbili, Mama. Goti lile halikuwahi kuona mwanga hata siku moja.

Wiki ya nne mkoba wake ulianguka kitini. Nilipoinama kumwokotea, nikaona pakiti nne za vidonge, tatu zimeisha. Akasema ni za jirani. Nilijua si za jirani. Nilijua ni vidonge gani na vinafanya nini. Lakini ningemuuliza, angelazimika kusema kwamba mwanga haumsaidii, nami ningelazimika kusema kwa nini. Nikavirudisha mkobani, nikafunga zipu, nikamwekea leso gotini kama kawaida. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa wawili tunaoficha.

Leo asubuhi nimemweleza Daktari Gachanja habari ya faili. Ameniambia nikae nyumbani mpaka aniite. Hiyo ya kazi nitaibeba.

Ambayo siwezi kuibeba ni ya jana. Kaluki alirudi kutoka wodini macho yamevimba. Akafunga mlango, akaniambia kwamba mama yake amemshika mkono na kukiri kwamba alikuwa akimeza vidonge kwa siri tangu Januari, kwa sababu kila akiulizwa kama ana nafuu hakuona vipi angemwaibisha mkwe wake aliyejitahidi vile. Amemwapisha Kaluki asiniambie kamwe, nisije nikavunjika moyo. Kaluki kavunja kiapo, amelia, ameniomba radhi kwa niaba ya mama yake, na ameniomba Jumamosi nijifanye sijui chochote. Nikamkubalia, Mama. Nilimfuta machozi kwa mkono huuhuu uliofunga zipu.

Jumamosi nitasema. Nimeamua. Mama mkwe ataruhusiwa Ijumaa, na atakuwepo. Kwa hiyo nakuomba uje. Usije kunitetea, wala usije na jogoo wa kuomba msamaha, hayo yatafuata yakikubaliwa. Wewe ni mama mwenzake, unaweza kukaa naye bega kwa bega mahali ambapo mimi siwezi kusogea. Nitakapoanza kusema atajua kwamba nilijua, na alivumilia yote yale bure. Awe na mtu wa kumshika wakati huo.

Nisalimie wote hapo nyumbani bila kuwasomea haya. Kaluki anakusalimu sana, na hajui ninakuandikia nini.

Ni mimi mwanao,
Kyengo