Kiitikio cha Mvua ya Mawe Kinataka Kuvunja Bendi Yetu

Kwako Bi Nyanchoka,

Nisaidie mama, nisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu nina furaha kubwa na wakati huohuo nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, na hapa Kebirigo hakuna mtu ninayeweza kumweleza jambo hili bila kuulizwa kama siku hizi bado naenda kanisani. Naitwa Kemuma, nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa sokoni, na nikishafunga duka jioni mimi ni mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya hevi metali. Ndiyo, umesoma vizuri, hevi metali, ule muziki wa gitaa linalokwaruza na sauti ya kunguruma, na tuko watatu, mimi, Anyona anayepiga dramu na Brandon anayepiga besi, na bendi yetu inaitwa Radi ya Manga. Mama yangu mzazi, Esnah, ambaye ni Msabato wa kweli kweli, alipotusikia mara ya kwanza tukifanya mazoezi nyuma ya duka alikimbia zizini akidhani ng'ombe amevimbiwa.

Sasa sikia. Nimetunga wimbo kuhusu mvua ya mawe, na wewe mwenyewe ni wa huku unaijua ile mvua, mtu amepalilia michai yake, amengoja, majani yamechipuka vizuri, halafu alasiri moja mbingu inakuwa nyeusi na kila kitu kinachanwachanwa mbele ya macho yako. Kiitikio chake ni maneno mawili tu, "Piga, hatuhami," na kila tukikifikia tunakirudia mara nane, baada ya ubeti wa kwanza, baada ya ubeti wa pili, halafu mwisho tunakirundika bila hesabu mpaka koo linawaka. Mimi nikikiimba nywele zinanisimama, Bi Nyanchoka, nahisi naweza kuinua duka na mizigo yake yote.

Anyona akikisikia anafura. "Kemuma, wacha nikwambie ukweli," akasema. "Metali ni ya kusonga. Inageuka, inakushtua, hujui inakupeleka wapi. Sasa hii wimbo yako inarudi palepale tu. Hizi ni pambio za makambi ya kanisa, tofauti ni gitaa."

Nikamwambia watu wanataka kitu cha kushika, wakiimba nawe mara moja hawakusahau. Akasema watu si watoto wa chekechea. Nikamwambia basi anyamaze, apige vilevile kila mara, asinipotezee wimbo kwa maringo yake. Hapo ndipo alipoweka vijiti chini na kwenda zake nyumbani mazoezi yakiwa katikati, na kesho yake akanitumia ujumbe kwamba tukifika kwenye ule mrundiko wa mwisho Jumapili atasimama atoke, watu wakiangalia. Nilimuuliza Brandon yeye anasemaje. Akajibu, "Mimi sina upande. Mimi ni besi."

Na Jumapili si siku ya kuchezea, maana tunapiga mjini Kisii na kuna watu wa studio wanakuja kutoka Nairobi kuchagua bendi moja tu ya pande hizi wairekodi albamu nzima. Bila Anyona hatuna bendi. Kutoka Masimba mpaka Marani sijaona mwingine anayeweza kupiga pedali mbili za miguu kwa kasi ile bila kuchoka, na isitoshe tumekua pamoja, ni yeye aliyeniazima gitaa langu la kwanza.

Lakini sijakwambia yaliyotokea wiki jana, na ndiyo sababu silali. Nilikuwa nimemsindikiza mama na kikapu chake kwenye kituo cha majani chai, na Anyona naye alikuwa ameleta majani ya kwao, tukiwa kwenye foleni ya mizani bila kusalimiana. Ghafla ikaja. Mvua ya mawe, Bi Nyanchoka, si ya kuimbwa, ile yenyewe. Tulijisonga sote ndani ya kituo na mabati yakalia mpaka ukimwambia mtu jambo sikioni hasikii. Wanawake wote walikuwa wamesimama wakiangalia nje, na kila mmoja alijua kinachotendeka shambani kwake wakati huo, na hakuna la kufanya. Mama yangu alikuwa mbele kabisa, mikono kichwani.

Halafu mama, huyuhuyu wa kudhani ng'ombe amevimbiwa, akafungua kinywa akapaza sauti, "Kwa Ombati," na akaimba, "Piga, hatuhami." Sikuamini masikio yangu. Akaendelea, "Kwa Manasseh," na wanawake wawili watatu wakaitika, "Piga, hatuhami." Kumbe wamekuwa wakitusikia siku zote tukifanya mazoezi, wamekishika chote. Mama akataja boma kwa boma, kilima kizima, na kila boma likitajwa mwenyewe anaitika kwa nguvu zaidi, wengine wakicheka, wengine wakilia, na mimi nikaingia na ile sauti yangu ya kunguruma na hakuna aliyeniuliza kama ninaumwa. Nikageuka nikamwona Anyona ameshageuza ndoo chini juu, anaipiga kwa viganja, kwanza polepole, halafu akaikimbiza mvua ilivyozidi, halafu ilipoanza kupungua akawa anaacha mapengo, unasikia tone, tone, halafu kiganja. Sijawahi kusikia kitu kama hicho katika maisha yangu.

Mvua ilipokatika nilimwendea nikamwambia, "Umeona sasa?" Akachukua kikapu chake akasema, "Hiyo ilikuwa mvua, haikuwa wimbo. Wale wamama walikuwa wanaogopa tu." Akaenda, na hajarudi mazoezini hadi leo.

Kwa hiyo niambie wewe usiye na upande. Kurudiarudia kiitikio kunajenga wimbo wa metali au kunauua? Nikikate nibaki na rafiki yangu, au nikishikilie nimpoteze? Nimeambatisha wimbo wenyewe, tuliourekodi kwa simu. Usiogope, siumwi.

Kemuma,
Kebirigo

JIBU

Kemuma mwanangu,

Wimbo wako niliufungulia jikoni nikimenya ndizi, na nusura nijikate kidole. Mimi ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na muziki wa namna hiyo sikuwahi kuutafuta. Kiitikio kilipokuja mara ya kwanza niliweka kisu chini. Kiliporudi baada ya ubeti wa pili nilikuwa nimesimama, naimba nawe, jirani yangu akachungulia dirishani. Kwa hayo nakupongeza bila kupima maneno. Umetunga kitu.

Lakini ule mrundiko wa mwisho, binti yangu. Nilianza nao vizuri, halafu nikajikuta nawaza kama chumvi nimeshatia. Nikarudia kumenya. Hapo Anyona alikuwa sahihi na wewe ulikuwa ukibishana kwa sababu tu unapenda kusikia sauti yako ikisema maneno hayo. Kurudia hakujaua wimbo wowote. Kinachouua ni kurudi mikono mitupu, na wewe mwishoni unarudi mikono mitupu mara nyingi mno.

Sasa soma barua yako mwenyewe, maana jibu umeliandika ukalipita mbio. Mama yako pale kituoni hakuimba "Piga, hatuhami" tupu. Alitaja boma. Kila aliporudi alikuja na mtu mpya mkononi. Kwetu Marani nimeona wapiga obokano wakifanya hivyohivyo kwenye harusi: kile kinubi chetu kikubwa kinanguruma jambo lilelile tangu asubuhi na hakuna anayechoka, kwa sababu kila mzunguko mpigaji anamtaja mgeni mwingine, na wewe uliye nyuma unangoja jina lako. Bila shaka Esnah amekaa kwenye harusi hizo kabla hujazaliwa. Wewe umesikia kiitikio chako kikiimbwa, ukafurahi, hukusikiliza kilivyoimbwa.

Na ile ndoo? Umeniambia Anyona alianza polepole, akakimbia, kisha akaacha mapengo. Huyo ndiye mtu uliyemwambia apige vilevile asikupotezee wimbo. Una mpiga dramu asiye na mfano kutoka Masimba mpaka Marani halafu unamfanya mashine ya kusaga, na bado unashangaa akiweka vijiti chini. Ningekuwa mimi ningeondoka na dramu zenyewe pia. Maneno yako yanasema hatuhami, basi maneno ndiyo yasihame. Dramu ndiyo mvua, Kemuma, na mvua ya mawe haijawahi kunyesha kwa mpigo mmoja. Mwombe radhi. Nenda kwao mchana, mbele ya wazazi wake, usitume ujumbe wa simu.

Ukifika msomee na haya, ni yake. Anyona, umesema wale wamama walikuwa wanaogopa tu. Ni kweli waliogopa. Wewe ulidhani muziki huo ulitungwa kwa ajili ya watu wasioogopa chochote? Unaona haya kwamba metali yako imeimbwa na wanawake wenye vikapu mgongoni, na aibu hiyo umeifunika kwa maneno makubwa ya kugeuka na kusonga. Viganja vyako pale kwenye ndoo havikuona haya. Na kijana anayetishia kuondoka jukwaani rafiki yake akiimba hatuhami anajifanya kichekesho mwenyewe.

Brandon naye aache uvivu wa kujiita besi. Achague upande, aseme kwa mdomo.

Sasa turudi kwako, maana kuna jambo moja limenikera tangu nilipousikia wimbo. Ubeti wa kwanza mawingu yanakusanyika. Ubeti wa pili mawe yanapiga. Ubeti wa tatu uko wapi? Nimeutafuta, nikakuta kiitikio kimerundikwa mahali pake. Na barua yako imefanya vilevile: mvua ilipokatika ukakimbilia kwa Anyona kuuliza umeona sasa, na hukuniandikia hata sentensi moja kuhusu shamba la mama yako. Mtu aliyeshika kichwa kwa mikono miwili, akaimba maboma ya watu wote, alikwenda nyumbani akakuta nini? Kesho yake asubuhi alifanya nini? Nadhani unajua. Nadhani ulipita kwenye ile michai ukienda kufungua duka, ukaangalia pembeni. Unaogopa kuuandika ubeti huo, ndiyo maana unapiga kelele juu yake. Sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa kutuficha.

Basi fanya hivi. Leo usishike simu wala gitaa. Kaa na mama yako, muulize kuhusu ile asubuhi, na uandike kama atakavyosema, usipambe. Huo ndio ubeti wa tatu, uuimbe bila kunguruma, dramu zikiwa kimya. Baada ya ubeti wa kwanza na wa pili kiitikio kipunguze, mara nne zinatosha, watu wabaki na njaa nacho. Kisha mwisho, baada ya ubeti wa tatu, kirudie utakavyo, hata mpaka taa zizimwe, mradi kila kikirudi kina boma lake na Anyona anapiga kama alivyoipiga ndoo, na hakuna mtu wa kumwambia apige vipi. Wageni wa Nairobi hawatajua Ombati ni nani wala Manasseh ni nani. Watawajua kabla wimbo haujaisha.

Onyesho ni Jumapili, Sabato itakuwa imepita, kwa hiyo Esnah hana kisingizio. Mpelekee kiti karibu na jukwaa, na kipaza sauti cha pili. Maboma atayataja yeye, na la mwisho kabisa, lile ambalo katika barua yako hukusema kama siku ile alilitaja, ni lake mwenyewe. Likifika, usiimbe. Mwache aitike peke yake.

Bi Nyanchoka