Kaseti Moja, Ng'ambo Mbili

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake, lakini usimsomee barua hii akiwa jikoni, maana namjua, ataacha chungu kiungue. Natumaini kifua chako kimetulia sasa baridi ya Njombe inapopungua, na kwamba mvua ya mawe haikuyagusa mahindi ya bondeni. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo kwa sababu ya joto, ila nakula vizuri. Samaki wa huku, mgebuka, ukimkaanga kwa mawese, unasahau nyama.

Uliniuliza kama bado naogopa. Nakujibu kweli: ndiyo. Naogopa ziwa, ambalo asubuhi linatulia kama maziwa kwenye kibuyu na mchana linapiga kelele. Naogopa mkuu wangu wa kazi, ingawa hajawahi kunigombeza. Zaidi naogopa kukosea majina. Bado nakaa kwenye ile meza chini ya turubai, pale mashua zinaposhusha watu wanaokimbia vita vya ng'ambo. Naandika jina, kijiji, na watoto wangapi. Nikikosea herufi moja, mama mmoja anaweza kumtafuta mwanawe kwa jina ambalo halipo. Kwa hiyo nauliza mara mbili, na wenzangu wananicheka. Wananiita Karani Rudia.

Uliniuliza pia habari za redio kaseti yangu mpya, na najua uliuliza huku ukitabasamu. Nakumbuka ulivyoizunguka siku ile nilipokuja nayo likizo, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Ukasema, "Ina taa nyingi. Masikio yake yako wapi?" Halafu ukaenda kuiwasha ile yako ya mbao, tukakaa kuingoja ipate moto. Baba, mimi hata leo nikifumba macho naliona lile jicho lake la taa ya kijani likifunguka taratibu, kabla sauti haijaja. Utotoni niliamini kwamba msoma habari alikuwa amelala humo ndani, na kwamba tulikuwa tunamngoja avae shati. Ulisema kitu kizuri kinafaa kumpa mtu nafasi ya kukaa vizuri kabla hakijamsemesha. Nilipokuwa shuleni niliyaona hayo mawazo ya kizee. Siku hizi sina uhakika.

Mkuu wangu ana simu ya ajabu. Inakaa ndani ya sanduku kama la nguo. Ukilifungua, kifuniko chake unakielekeza angani, na hapo mtu anazungumza na Ulaya kama anaongea na jirani. Nimeishuhudia. Lakini milima ya ng'ambo, ambayo siku isiyo na ukungu naiona kwa macho haya haya, simu ile haiifikii, kwa kuwa huko hakuna mwenye sanduku la pili. Nimeliwaza sana jambo hili nikiwa mezani pangu. Kitu kinafika mbali kuliko ndege, na hakifiki pale ninapopaona.

Basi nikueleze kilichotokea wiki hii, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mwenye nyumba wangu ni Bi Faila, mama mtu mzima, mjane. Wazee wake walitoka ng'ambo zamani sana, na dada yake mkubwa, Bi Salima, aliolewa akarudi huko huko upande wa pili wa ziwa. Ng'ambo dada mkubwa wanamwita yaya, na Bi Faila naye humwita hivyo. Wote wawili hawakusoma. Kwa miaka mingi wamekuwa wakipelekeana maneno kwa kaseti. Kaseti ni moja tu, inakwenda na kurudi na manahodha. Upande wa kwanza ndio wa mazungumzo: mmoja anasema, mwenzake anasikiliza, kisha anarekodi jibu lake juu ya maneno yale yale na kuirudisha. Upande wa pili haufutwi. Kijino cha plastiki kimevunjwa ili hata kwa bahati mbaya usirekodiwe. Upande huo una sauti ya marehemu baba yao akisoma Kurani. Ndiyo maana hawakubali kaseti nyingine yoyote. Hiyo ndiyo alama yao.

Vita vilipoanza, kaseti ilikuwa ng'ambo. Ikaja mara moja, miezi mingi iliyopita, na Bi Salima akasema humo kwamba watu wanadanganywa, wanaletewa salamu za uongo kisha wanaporwa njiani. "Mimi, Faila, sitoki hapa," alisema, "mpaka nikusikie wewe, kwenye kaseti yetu, ukiniambia nipande chombo cha nani."

Sasa fikiria, Baba. Ili Bi Faila amwite dada yake, ilimpasa arekodi. Na akirekodi, anaifuta ile sauti, ambayo pengine ndiyo ya mwisho. Miezi yote hiyo alikuwa akiisikiliza kila baada ya swala ya alasiri, na kila siku akisema atajibu kesho. Mimi nilikuwa nasikia kupitia ukutani. Nilimjua Bi Salima kwa sauti kabla sijajua kisa chake: sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka shambani.

Jumanne akaja nahodha Sefu, ambaye familia hii inamwamini. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kuketi.

"Bi Faila, Ijumaa navuka. Naona ni safari ya mwisho, kule vita vimekaribia. Una neno?"

Bi Faila akageuka kutazama kaseti yake. Nahodha akanigeukia mimi.

"Na wewe Karani, mbona umetoa macho? Jina langu usiliandike, mimi siyo mkimbizi."

"Sijaandika kitu," nikasema.

"Haya. Ijumaa."

Alipoondoka, Bi Faila akanitazama. "Mwanangu, hiyo redio yako yenye midomo miwili, si niliambiwa inaweza kutoa kaseti nakala?"

Inaweza, Baba. Ndiyo sababu niliinunua. Unaweka kaseti mdomo huu, nyingine mdomo ule, unabonyeza, inanakili kimya kimya kwa waya zake za ndani. Lakini mwezi uliopita ilinitafunia kaseti ya kwaya. Niliutoa utepe ukiwa umekunjamana kama utumbo wa samaki. Nikafikiria kuiingiza humo sauti ya Bi Salima, nikatikisa kichwa.

"Siwezi kuiweka kwenye yangu," nikamwambia. "Ikitafunwa je?"

"Wewe woga wako utakuja kuua mtu!"

"Tuipige kwenye kinasa chako cha zamani, hakijawahi kutafuna. Yangu tuiweke mbele yake, isikilize tu na kurekodi kaseti mpya."

"Isikilize kama mtu?"

"Kama mtu."

Akafikiri. "Hiyo naielewa," akasema.

Siku hiyo umeme haukuwepo. Nikanunua betri mpya, zote nikazitia kwenye kinasa chake, ili yule Bi Salima halisi asikwame. Redio yangu nikaitilia zile za zamani, ambazo nilikuwa nimezianika juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu kidogo. Nikafunga dirisha, nikamfukuza kuku. Nikamwomba Bi Faila asitoe sauti hata ya kukohoa, kwa sababu kila kitakachosikika chumbani kitaingia. Akaapa. Akajifunika mdomo kwa upande wa kitenge.

Baba, hakuweza. Bi Salima alipouliza, "Faila, bado unaunguza mgebuka?" yeye akajibu, "Siunguzi, yaya, moto ndio mkali!" Nikamwonyesha kidole mdomoni. Akatikisa kichwa kukubali. Dakika si nyingi, Bi Salima akasema goti linamsumbua, naye, "Pole, yaya, si nilikwambia upake mafuta ya mawese?" Kisha akacheka alipochekeshwa, akaguna alipoonywa, na mwishoni, pale dada yake alipomuaga, akaitikia kwa sauti kubwa kabisa, "Eeh, yaya! Eeh!" Hapo kwa mbali, upande wa stesheni ya Kigoma, garimoshi likapiga honi. Nikaketi nimeshika kichwa. Nilijua nakala imeharibika, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia turudie.

Alhamisi mchana umeme ukarudi. Nikachomeka redio yangu ili tuisikilize, nikijiandaa kuomba radhi. Kumbe kulikuwa na balaa la pili. Zile betri zangu zilikuwa zimechoka. Wakati wa kurekodi utepe ulitembea polepole bila mimi kugundua. Sasa kwa nguvu za umeme ulikimbia mwendo wake kamili, na kila sauti ikapanda juu, ikawa nyembamba na nyepesi. Sauti ile nzito haikuwepo. Badala yake, kutoka kwenye vipaza sauti vyangu vyenye taa nyingi, zilitoka sauti za watoto wa kike wawili.

"Faila, bado unaunguza mgebuka?"

"Siunguzi, yaya, moto ndio mkali!"

Nikanyoosha mkono kuizima. Bi Faila akaushika mkono wangu.

"Acha."

Tukasikiliza yote. Wale watoto waliongea, walichekana, mmoja alilalamika goti, mwingine akampa pole. Hata garimoshi lilipiga honi kama kitoto cha garimoshi. Chumba kilikuwa na joto, mwanga wa ziwa ulikuwa ukicheza darini, na kwa kitambo mimi sikujua tuko mwaka gani. Niliona kama nikifungua mlango nitawakuta pale uani, wamechuchumaa kwenye majivu, wanageuza samaki kwa kijiti.

Kaseti ilipokwisha, Bi Faila alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye yaya kabla hajaolewa. Hivyo hivyo. Umempata wapi, Karani?"

"Ni makosa, Bi Faila. Betri zilikuwa dhaifu. Umeme usipokatika nitairudia vizuri."

"Rudia uone kama hutahama nyumba hii."

Kisha akaiweka kaseti yenyewe, ile ya baba yao, kwenye kinasa chake cha zamani. Akairudisha mwanzo. Akakaa sawa, akajitengeneza kitenge, kama wewe Baba unavyokaa ukingoja redio ya mbao. Kidole chake kikafika kwenye kitufe chekundu, kikabaki hapo juu.

"Siwezi," akasema. "Bonyeza wewe."

Mimi, Baba, ninayerudia jina la kila mtu mara mbili. Nilimuuliza, "Una hakika?" Akasema ndiyo. Nikauliza tena. Akanijibu, "Karani Rudia, dada yangu anangoja." Nikabonyeza. Utepe ukaanza kuzunguka, na nilijua kwamba kila mzunguko unaondoka na kipande cha Bi Salima, sauti ya shambani, goti na yote. Bi Faila akafumba macho, akasema waziwazi, bila kutetemeka: "Yaya, ni mimi. Nyumba ni ile ile, mlango ni ule ule. Panda cha Sefu. Usibebe vyombo, nina sufuria."

Ijumaa Sefu aliichukua, akaivingirisha kwenye mfuko wa nailoni, akaitia kifuani ndani ya shati. Hakutania.

Leo ni Jumapili. Hajarudi. Wanasema ziwa lilichafuka huko kusini, na wengine wanasema vyombo vinasubiri kijiji fulani mpaka giza. Sijui. Bi Faila amefagia chumba cha pili na kutandika kitanda. Alasiri hasikilizi tena kinasa chake. Anagonga mlango wangu, nampigia ile nakala yetu mbovu, tunakunywa chai.

Kwa hiyo, Baba, maoni yangu kuhusu vitu hivi vipya ni haya, na uniambie kama nimekosea. Redio yangu ingefanya kazi kama ilivyoandikwa kwenye boksi lake, ingenipa sauti safi ya mtu mmoja, peke yake, bila chumba. Sitaki kusema ya zamani ni bora. Yako nayo ilikuwa inatupiga shoti. Ila nimeona kwamba mashine inayosikiliza kama mtu inakusanya na yule aliye kando, na huyo ndiye mara nyingi tunayemsahau.

Nimeweka kaseti tupu ndani ya bahasha hii. Mwalimu mwenzako jirani ana kinasa. Tafadhali sema nami, wewe na Mama. Usimwambie anyamaze, na kuku usimfukuze. Kama redio ya mbao bado inapata moto, iwashe tuingoje pamoja, hata kama kaseti yote itaishia kwenye kuingoja.

Nisalimie shangazi anayeuza maziwa, mdogo wangu aliyerithi baiskeli yangu (atie mafuta mnyororo), na bibi, umwambie shuka alilonipa nalitumia hata kwa joto hili.

Kesho narudi mezani chini ya turubai. Ninalo jina, Salima, na kijiji chake nakijua. Nilichopoteza ni sauti. Ile nzito tuliifuta kwa kidole changu, na masikio yangu sasa yamezoea ile nyembamba, kiasi kwamba kila mtoto wa kike anaposema kitu kwenye foleni, nainua kichwa kumtafuta mama mtu mzima mwenye goti bovu.

Ni mimi mwanao, mwoga wako,
Festo