Siku Niliyokwama Katikati ya Sala

Garsen, Jumapili. Masika ya 1957.

Leo hapa kwetu mvua haikunyesha, lakini mto umejaa. Inanyesha huko bara, na sisi wa huku chini tunaletewa maji yao. Pantoni yetu ya kuvushia magari imefungwa kwa minyororo tangu juzi, hakuna gari upande huu wala ule. Wenzangu wa kazini hapa kambini wameenda makwao. Mimi kwetu ni Ndera na njia imekatika, kwa hiyo nimebaki.

Mhubiri alikuwa aje leo. Hakuja.

Nilifagia mbele ya chumba asubuhi, nikatoa kiti cha kumkalisha, nikaketi mlangoni kutazama upande anakotokea. Jua lilipopanda nikakirudisha kiti ndani. Jumapili nyingine za namna hii mimi hurudi kulala, kisha jioni huenda dukani kwa Abdi kunywa chai na kusikiliza watu wakizungumza Kisomali. Sielewi wanachosema. Nataka tu kusikia sauti za watu.

Leo usingizi umekataa. Nafikiria yale mazishi, na afadhali niyaandike.

Mapema mwezi huu mtumbwi ulifika kutoka upande wa pwani, umewabeba mama mzee mgonjwa na binti yake, Rebeka. Walikuwa wametoka hospitali, wanarudi kwao, kijiji kisicho mbali na chetu huko Ndera. Mama alikuwa ameambiwa kwamba dawa zimeshindwa, naye akaomba apelekwe akafie nyumbani. Lakini mkondo ulikuwa mkali na wapiga kafi wakakataa kuendelea. Nikawapa chumba changu, mimi nikahamia kibanda cha pantoni.

Mama hakuiona Ndera tena. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, binti yake amemshika mkono.

Siku ile, mbali na Rebeka, Mkristo aliyekuwepo kambini ni mimi tu. Barisa, mfugaji wa Kiorma ambaye ng'ombe wake hunywa maji karibu na pantoni, alikuja na nduguze wakiwa na majembe. Hakuna aliyewaita. Abdi akaleta kitambaa cheupe kutoka dukani kwake. Wakachimba kwenye kiinuko nyuma ya kambi, mahali ambapo maji hayafiki. Tulipokwisha kumshusha mama, Barisa akasogea kando, akanigeukia.

"Yohana, huyu mama ni mtu wa dini yako," akasema. "Sisi kuchimba, tumechimba. Maneno ni yako."

Wote wakaningoja.

Nimezaliwa katika nyumba ya Kikristo. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Nilibatizwa nikiwa mchanga na nimeimba kwaya tangu meno ya utoto hayajang'oka. Nikafumba macho, nikaanza Sala ya Bwana, maana ndiyo pekee iliyonijia. Nilikwenda vizuri mpaka pale tunapoomba riziki.

Hapo nikakwama.

Nilitafuta neno linalofuata, sikuliona. Na papo hapo, nimesimama mbele ya kaburi la mama wa watu, nikaelewa kwa nini. Maisha yangu yote sikuwahi kuiomba sala ile peke yangu. Kanisani sauti ya baba huwa mbele, za akina mama huwa nyuma, nami niko katikati nachukuliwa na mkondo. Nilidhani naogelea.

Rebeka aliidaka pale nilipoiacha. Sauti yake ilitetemeka lakini haikukatika, nami nikamfuata mpaka mwisho. Mfiwa ndiye aliyenibeba mimi.

Baadaye alikaa kwa mke wa Barisa kungoja maji yapungue. Nilikwenda kumsalimu na kumwomba radhi. Akasema hakuona kosa lolote, kisha akaniuliza huku nina nani wa kunitunza kiroho. Nikamwambia mhubiri huja, mwezi huu akiweza, mwezi ule asiweze. Nikaanza kulalamika. Barabara mbaya, mhubiri ana vijiji vingi, wenzangu si wa dini yangu, baba yuko mbali. Rebeka alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na siku ambazo haji, kaka, unakula nini?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilitazama chini nikisingizia kuwafukuza mbu. Siku chache baadaye mto ulipungua kidogo, akapata mtumbwi, akaenda zake kuwapelekea ndugu zake habari za kaburi wasiloweza kulifikia. Alipungia mkono mara moja tu. Tangu hapo kambi hii imezidi kuwa kimya.

Swali lake limebaki, na jibu langu la kweli ni aibu. Biblia ninayo. Baba alinipa nilipoondoka nyumbani, na kurasa zake nyingi bado zimeshikana kwa kutofunuliwa. Hakuna aliyenikataza kuisoma. Barisa huswali malishoni yeye na ng'ombe wake, hana msikiti wala imamu karibu, na hamngoji mtu aje amwamshe. Nimemwona mara nyingi. Sikuwahi kujiuliza mimi nangoja nini.

Basi leo, nilipoona mhubiri haji, nikafungua Injili ya Marko mwanzo kabisa, nikasoma kwa sauti. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikajaribu wimbo, na bila kwaya nimegundua sauti yangu ni mbaya. Nikaomba. Nikamtaja Rebeka na ndugu zake, nikamtaja baba, nikaishiwa. Nikaanza tena.

Barisa alikuwa anapita kutazama maji, akasimama mlangoni.

"Unasema na nani?"

"Na Mungu."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi maliza," akasema, akaenda kuchutama mbali kidogo akaningoja, kama mtu anavyomngoja mwenzake mwenye mgeni.

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulijaa amani. Haukujaa. Nilipomaliza, chumba kilikuwa kilekile na upweke uleule, labda umeongezeka, maana sasa najua nilikuwa nimejificha nyuma ya watu. Ule uchangamfu wa nyumbani, tukiimba pamoja, niliuita imani yangu. Huenda ulikuwa wao. Yangu ndiyo hii niliyoiona leo, ndogo, haina joto, haijui hata kuongea vizuri.

Lakini hii hakuna atakayeikuza kwa niaba yangu. Wala baba, wala mhubiri, wala Rebeka.

Asubuhi, kabla ya kwenda kukagua minyororo, nataka kusoma sura ya pili. Nikiamka bila hamu, je? Hakuna kengele hapa, wala mzee wa kanisa wa kuuliza niko wapi. Nisiposoma, hakuna mtu Garsen nzima atakayejua.

Nitajua mimi.