Lavenda Chini ya Dirisha Letu

2 Februari

Mama mpenzi,

Na hapo ndipo karatasi iliponiishia katika barua ya juzi, kabla sijakueleza habari za lavenda! Ngoja kwanza nikusalimie, usije ukasema ndoa imeniondolea adabu. Shikamoo, Mama. Mgongo wako je? Bibi anaendeleaje? Sisi wazima, tena wazima wa kupitiliza.

Sasa, lavenda. Unajua mwenzangu anarudi kutoka kiwanda cha mikate akinuka moshi na hamira. Mimi naipenda harufu hiyo, yeye anaona aibu. Siku moja akanijia na miche sita imefungwa kwenye gazeti, akasema, "Mke wangu, nataka dirisha letu linukie vizuri kuliko mimi." Nilicheka mpaka machozi! Tukaipanda pamoja chini ya dirisha la chumbani. Nimeitilia samadi ndoo nzima, na kila jioni, yeye akiwa amelala, naimwagilia kimyakimya. Hajui. Nataka siku moja aone maua tu, ashangae.

Njoo yakichanua, Mama. Nitakuletea chai kitandani.

Mwanao akupendaye

25 Februari

Bi Harusi wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Mwambie mkwe wangu harufu ya mkate haijawahi kumfukuza mtu.

Huku hatujambo. Bibi yako sasa hatoki kitandani, lakini ulimi wake ni mzima. Sare za shule ni nyingi msimu huu, cherehani haipoi. Kuja siwezi kwa sasa, usinikasirikie. Barua hii nimeianza asubuhi na sasa jua linazama, maana kila nikishika kalamu Bibi ananiita. Huyo, ananiita tena.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na Bibi hajambo. Sisi afya tunayo, ila tumepata msiba mdogo: lavenda inakufa! Majani ya chini yalianza kuwa ya njano, yakawa meusi, na miche miwili ikalala chini kama imelewa. Nikaongeza maji. Ikazidi.

Jana nikatoka alfajiri kuanua nguo niliyoisahau kambani. Namkuta nani bustanini? Mume wangu, amechuchumaa, birika mkononi!

"Unafanya nini hapo?"

"Nanywesha maua yako."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoyapanda. Kila siku kabla ya kwenda kazini. Nilitaka uone yanastawi tu, ushangae."

Kumbe wote wawili! Tumeizamisha kwa mapenzi. Tulicheka mpaka jirani akafungua dirisha: "Maharusi, na sisi wengine tulale!"

Tukaenda kwa mama anayeuza miche. Alitusikiliza, akashusha pumzi. "Lavenda haipendi kubembelezwa," akasema. "Inataka jua kutwa, na udongo wenye mchanga na kokoto, usiotuamisha maji. Samadi msitie. Chomekeni kidole kwanza. Udongo ukiwa umekauka ndipo mmwagilie." Basi tumeing'oa, tukakata mizizi iliyooza, tukainua tuta kwa mchanga na kokoto, tukaipanda upya ile minne iliyosalia. Mwenye kidole ni mimi. Yeye amenyang'anywa birika.

Mbona barua yako ilikuwa fupi hivyo?

Mwanao

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, nikasema labda posta wamechelewesha. Mgongo je? Bibi je?

Lavenda imeshika! Kuna mabua yametoa maua ya zambarau, na nyuki wameshajua. Nimekata machache, nimeyaning'iniza jikoni yakauke, nikushonee kifuko cha kuweka chini ya mto. Mwenzangu akiingia anasimama kwanza dirishani, anavuta pumzi, ndipo ananisalimia. Nina wivu na maua, Mama!

Lakini nimeisoma tena barua yako, nikaona mwandiko umelala upande. Unaumwa? Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao

3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nimechoka tu, na uchovu huu hauishi kwa kulala.

Bibi yako alianguka akijaribu kufikia kikombe. Hakuvunjika. Lakini sikuweza kumnyanyua, mwanangu. Nilikaa naye sakafuni, yeye ananitukana, mimi namkumbatia, mpaka fundi viatu alipopita nikamwita. Tangu hapo naogopa hata kumgeuza. Juzi nilisinzia kwenye cherehani, sindano ikanipita kidoleni. Nusu ya sare nimezirudisha.

Sikukuandikia kwa sababu barua zako zinacheka, na mimi sikuwa na cha kuchekesha. Usije. Maharusi hawatenganishwi kwa ajili ya wazee. Wewe endelea kuandika. Bibi ananiamuru nimsomee ile ya birika kila siku, na kila siku anasema mumeo ni mjinga, kisha anacheka.

Mama yako

12 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali. Umeniambia, na nimeisikia.

Nilimsomea mwenzangu barua yako, nilipofika pale mlipokaa sakafuni nikampa karatasi, akaimalizia yeye. Alikwenda kunawa unga mikononi, akarudi, akavuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda. Unaona ni kwa nini niliolewa naye?

Ameomba ruhusa ya wiki moja. Anasema kila siku anabeba magunia ya unga, Bibi hatamshinda. Nimemwonya kwamba magunia hayatukani. Atakikata miguu kitanda cha Bibi kiwe cha chini, akipigilie mbao pembeni, na atakufundisha wewe na mimi namna ya kunyanyua bila kuumiza mgongo. Kisha atarudi kazini, mimi nitabaki. Mpaka lini, hatujui, na tumekubaliana hivyo. Nililia kidogo, sikufichi, maana sijazoea kulala bila yeye. Naye akajifanya ana mafua. Lakini usiseme unatutenganisha. Anaandika vizuri huyu mtu, na mimi nataka kupata barua zake.

Bibi nitamgeuza mimi, nitamlisha, nitamsomea. Wewe usipike, usifagie, usitafute shuka mpya. Kabla mwezi huu haujaisha utasikia hodi. Fungua mlango, tusalimiane, kisha uende ukalale, hata kama ni saa nne asubuhi.

Mwanao