Maksai Wangu na Mzani wa Klabu

Samuye, Jumanne, Julai 1952

Hawa wazee wenzangu hawajui utani! Leo kwenye klabu yetu ya wakulima, chumbani kwa Masanja fundi cherehani, tulibishana tena kwa nini mnunuzi wa pamba apime peke yake, kwa mzani wake. Kumchokoza Kulwa, karani wetu, nikasema, "Basi tuuzeni ng'ombe, tununue mzani wetu."

Nilidhani watacheka. Wakaafiki wote.

"Babu, umetufungua macho," akasema Kulwa. "Tuanze na wa nani?"

"Wa aliyesema," akadakia Masanja.

Basi ni maksai wangu mwekundu, yule wa plau. Mke wangu, Mama Nkwimba, hajui bado. Tutalima na nini mwakani...

Kinachoniudhi hasa, tangu jioni natafuta kosa katika maneno yangu mwenyewe, silioni. Kesho nampeleka maksai mnadani, kabla mke wangu hajaamka.