Walisema Mtoto Amebemendwa

Makanyagio, Mpanda. Jumanne ya mwezi wa saba, mwezi wa tano tangu niondoke Nzega. Asubuhi baridi, mchana vumbi.

Sijui nianzie wapi. 

Wiki nzima mama ananipigia kwamba mwanangu amebemendwa. Mashavu yamechubuka, yanatoa maji, anajikuna hadi damu. Kwetu maana yake inajulikana: mama anayenyonyesha ametembea na mwanaume mwingine, na mtoto ndiye anayeumia. Mama akasema mke wangu, Kabula, arudishwe kwao Jumapili ijayo. Nikakubali. Kabula alilia kwenye simu, nikamkatia.

Leo nimeenda zahanati kwa ajili ya mikono yangu. Kuchanganya zege kumeipasua. Wenzangu wananiita Kenge, eti nikimpa mtu mkono namkwaruza. Daktari, dada mmoja mpole, akasema ni pumu ya ngozi, imeamshwa na saruji. Nikacheka. Pumu naijua, ilinitesa kifuani utotoni.

Akaacha kuandika. Akaniuliza kama nina mtoto.

Nikamwonyesha picha aliyonitumia Kabula. Akasema inafanana na hiyohiyo, ila apelekwe kliniki aonekane. Kwa wachanga huanzia mashavuni na kichwani. Kwa wakubwa hukaa zaidi kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Haiambukizi. Hufuata familia zenye pumu, kisha vumbi, jasho au sabuni kali huichokoza. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kuhusu kubemenda.

"Kaka, uzinzi hauoti mashavuni mwa mtoto," akasema. "Hiyo ngozi karithi. Na inaelekea ni kwako."

Kwangu.

Nilimpigia mama nikiwa bado pale nje. Nikamuuliza ngozi yangu ilikuwaje nikiwa mchanga. Akasema ilikuwa hivyohivyo. Nikamuuliza baba alikuwa wapi wakati huo. Machimboni.

"Na wewe walisema umenibemenda?"



"Walisema, mwanangu. Bibi yako alinirudisha kwetu nikiwa nimekubeba mgongoni."

"Ulikosa?"

"Sikukosa."

"Basi Kabula naye?"

 Akakata simu.

Mama alibebeshwa aibu isiyo yake, na bado akamfungia mwenzake mzigo uleule. Na mimi nikasema ndiyo.

Kabula hapokei. Nimemwandikia ampake mtoto mafuta ya mgando, aache sabuni ya manukato, ampeleke kliniki. Nimemwandikia asiondoke. Fundi mkuu amenipa ruhusa kwa kununa. Napanda basi Alhamisi. Ijumaa nitakuwa mlangoni kwake, kama bado yupo.